Sista na Paa la Chepsaita

Sista hakuwa mtu wa kukutazama usoni kwanza. Akija kwako alianza na paa. Unaweza kuwa umesimama mlangoni, umeshika kofia mkononi, umefukuza kuku, chai iko jikoni inachemka, yeye amesimama uani na kichwa nyuma, mwavuli kwapani, anatazama mabati yako kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa. Halafu anasema, "Hili paa lako linalala tu." Basi, hiyo ndiyo salamu yako.

Watu wa huku humwita muuguzi Sista, awe na msalaba shingoni au asiwe nao. Huyu hakuwa mtawa. Alikuwa msimamizi wa dispensari ndogo upande wa Chepsaita, chumba cha dawa, chumba cha kuzalia na veranda yenye benchi. Mimi nilikuwa fundi wa kujenga, na nilikuwa fundi kweli. Sijisifu, nenda mtaa wa Langas utazame nyumba zangu kama kuna iliyoinama. Shule niliacha darasa la tatu. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Mlima Kenya nikiwa na nyundo na timazi ndani ya gunia, na kila nilicho nacho nimekijenga kwa hii mikono. Sista alijua hivyo na hakunihurumia hata siku moja.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo waulize Wanandi wenzake, wao wanajua kuhesabu koo. Mimi ninasema niliyoyaona.

Alivaa gauni jeupe la kazi na gambuti nyeusi, mvua au kiangazi. Alitembea na kibuyu chake cha mursik, maziwa yaliyolala, na ukimkaribisha chai anakataa. Usipomkaribisha, anakwenda kuwaambia watu wa soko kwamba fundi yule ni mchoyo. Alikuwa na akili nyingi, na bado aliamini kitambaa chekundu kinaita radi. Niliona siku moja akimfukuza mama aliyekuja na shuka nyekundu, akamwambia aiache kule kwenye ua wa miti ndiyo aingie. Radi ikianza, yeye mwenyewe alijifungia stoo ya dawa na gambuti zake miguuni, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili asisikie. Na huyo ndiye mwanamke aliyetaka nyaya za umeme zipite kwenye paa lake!

Kwa wanawake waliokuja kuzaa alikuwa mkali. Ulimsikia ukiwa barabarani.

"Sukuma! Unanililia mimi, kwani ni mimi nilikupa hiyo mimba?"

Ukidhani ana roho ya jiwe, subiri asubuhi, utamkuta nyuma ya jengo akifua nguo za mama huyo huyo kwa mikono yake, na ukimwona anakufokea kwamba unapita njia isiyo yako.

Alipenda kusema nyumba ni lazima ifanye kazi. "Ng'ombe anafanya kazi, punda anafanya kazi, mke wako anafanya kazi. Nyumba imesimama juani mchana kutwa, imekula mabati na simiti yako, inakupa nini?" Kazi ya kwanza aliyonipa ilitoka kwenye maneno hayo, na niliicheka. Alitaka bomba lililopakwa rangi nyeusi lizungushwe kwenye paa la nyumba yake, juu ya mabati, lifunikwe na kioo cha dirisha, liingie kwenye pipa. Maji ya kuogesha watoto wachanga, alisema. Nilijenga huku nikiwakonyeza mafundi wenzangu. Siku ya tatu nikafungua mfereji wa pipa kwa dharau nikaweka mkono chini yake. Ngozi ilitoka. Sista aliipaka dawa polepole, kwa furaha.

"Umeamini sasa, ama tuweke mkono wa pili?"

Neno lake lingine lilikuwa la hatari. "Jua halina mwenyekiti." Nyinyi mnaosoma leo mtaona ni mzaha tu. Miaka ile mtu alivaa beji ya chama kwenye koti hata akienda kukamua ng'ombe, na ukiingia hotelini ulitazama kwanza nani amekaa karibu na mlango. Alilisema siku moja dukani, akinunua chumvi, mchana mweupe. Mwenye duka aliacha kupima. Mtu mmoja akakumbuka ana shughuli, akatoka. Mimi nikakohoa kama nimemeza nzi. Sista akaulizia chumvi yake.

Mwenyekiti mwenyewe tulikuwa naye, wa tawi la chama pale. Simwiti shetani. Alikuwa mtu wa mzaha, mnene, mwenye kicheko kizuri, na watu walianza kucheka naye kabla hajamaliza kusema. Alisalimu kwa kuinua kidole kimoja. Alipenda neno kuazima. Aliazima baiskeli ya dispensari, ikawa ya mtoto wake. Aliazima magodoro mawili wakati wa mkutano, nayo yakazeeka kwake. Hakuna aliyekwenda kudai, kwa sababu ukidai kwa mwenyekiti, kesho unaulizwa mambo mengine kabisa. Kwa mfano mimi. Ploti yangu ya Langas sikuwa na karatasi yake. Nilikaa pale kwa neno la chifu, na chifu alikunywa chai kwa mwenyekiti.

Sasa sikilizeni habari ya zile sola.

Marafiki wa kanisa wa ng'ambo walileta vioo vinne vya sola na betri za kuweka moto wake, ili chumba cha kuzalia kipate taa. Kabla ya hapo walizalisha kwa koroboi. Sista hakuwa mtu wa kusimulia huzuni, lakini mara moja, tukiwa tunapima boriti, alisema bila kunitazama, "Damu kwenye koroboi ni nyeusi kama sakafu, fundi. Hujui inatoka wapi. Unaitafuta kwa vidole. Mama mmoja niliitafuta mpaka akapoa mikononi mwangu." Halafu akaniuliza kama boriti ni kavu. Hakurudia tena. Mimi pia sikuuliza ni mama gani.

Vioo vilikuwa bado vimeegemea ukuta wa veranda Mwenyekiti alipokuja. Nilikuwa hapo, nikipiga plasta.

"Sista," akasema, kidole juu, "hizi sola tunaziazima kidogo."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda tu. Kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi, atalala kwangu. Sitaki mgeni wa serikali akae na koroboi kama mwizi wa kuku. Aone taa, atazame habari kwa televisheni, ajue Chepsaita kuna maendeleo."

"Na mama zangu?"

"Wanawake wamezaa tangu Hawa. Ama mama yako alikuwa na stima?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Sista naye akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuona, na likaniogopesha kuliko radi.

"Sawa, Mwenyekiti. Jumamosi uje uzichukue."

Alipoondoka nilimwambia Sista amefanya vizuri, afadhali amani. Alinitazama kama mtu anayetazama paa bovu.

"Ngazi yako iko wapi? Panda utoe mabati juu ya chumba cha kuzalia, upande wa nyuma."

"Nitoe? Tuweke nini?"

"Sitaki sola ikae juu ya bati kama kofia. Kofia inavuliwa. Nataka sola ndiyo iwe bati."

Nilibishana naye, kwa sababu mimi nimeezeka mapaa mengi na sikuwa nimeona upuuzi kama huo. Nikamwambia kwanza, weka upande wa mbele, barabarani, ambako wageni wataziona. Akasema wageni hawazai. Mwezi wa saba, wakati wa mvua na mawingu, jua hupita upande wa kaskazini, na kaskazini kwake kulikuwa nyuma. Nikamwambia mvua ya mawe ya huku inavunja mahindi mgongo, itakifanya nini kioo? Akasema hicho kioo ni kigumu kuliko kichwa changu, akaokota jiwe ajaribu, nikamshika mkono.

Basi nikajenga. Niliweka fremu za vioo moja kwa moja kwenye boriti, pasipo bati chini. Pembeni nikakunja vipande vya bati kama mfereji ili maji yashuke, nikaziba kwa lami, misumari nikaipinda kwa ndani. Juu ya dari ya mbao niliacha njia ya upepo, kwa sababu alisema kioo kikichemka kinazembea, na kwenye matundu nikapiga wavu kuzuia ndege. Ilikuwa kazi safi. Mtu akitaka kuondoa kioo kimoja, ni lazima avunje dari na afungue paa, na chini yake ni kitanda cha kuzalia. Sista aliingia, akawasha, taa ikawaka nyeupe juu ya kitanda kitupu. Akaizima haraka, kama mtu anayefunika chakula.

Jumamosi mvua ilianza saa nane mchana. Lori likaja na vijana wanne wa chama, ngazi mbili na kamba. Mwenyekiti alishuka mbele na koti la mvua. Kwenye benchi kulikuwa na mama wachache na watoto wa chanjo, na bibi mmoja mzee sana ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Mimi nilikuwa nimeitwa na Sista kwa kisingizio cha kurekebisha mlango.

Mwenyekiti akazunguka nyuma, akatazama juu. Kicheko kikakauka.

"Hii ni nini?"

"Ni paa," Sista akasema.

"Nilikuambia Jumamosi nachukua."

"Chukua. Nani amekukataza?"

Vijana wakasimamisha ngazi. Wa kwanza alikuwa ameweka mguu kwenye kipandio ndipo sauti ikatoka ndani, sauti ya mwanamke, nzito, ya chini, kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Yule kijana akatoa mguu.

Huenda wewe unayesoma ni wa mjini, kwa hivyo nieleze. Mwanamume wa huku hakaribii mahali mwanamke anazaa. Hasimami hata mlangoni. Sasa wewe upande juu yake, utoe paa, umtazame kutoka juu akiwa katika hali ile? Hata kijana mlevi hawezi. Wote wanne walirudi nyuma, mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala.

"Kuna mtu ndani?" Mwenyekiti akauliza.

"Huna masikio?" Sista akasema.

Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaniona. Nilijua ataniona.

"Fundi! Wewe ndiye ulijenga, wewe ndiye utabomoa. Wewe ni mtu wa kuja, haya mambo yetu hayakuhusu. Panda."

Mvua ilikuwa inapiga mgongo wangu. Nilifikiria ploti, nikafikiria mke wangu na vyombo vyake vikiwa barabarani. Nilimtazama Sista anisaidie hata kwa jicho. Alikuwa anatazama paa. Ndani ile sauti ikapanda tena.

"Panda, nimesema! Kwani kwenu kuna desturi gani?"

"Kwetu," nikasema, "kwetu pia kuna mama, Mwenyekiti."

Nikaweka nyundo ndani ya gunia nikalifunga.

Mwenyekiti akatazama lile gunia. Halafu akavua koti la mvua akamtupia kijana mmoja. "Mnaogopa wanawake. Nitapanda mwenyewe." Akashika ngazi. Hapo Kogo akainuka kwenye benchi. Alitembea polepole kwenye matope, akafungua leso iliyokuwa mabegani mwake, ile aliyobebea watoto wake na watoto wa watoto wake, akaitandika kwenye kipandio cha kwanza. Akailainisha kwa kiganja kama anatandika kitanda.

"Panda, mwanangu," akasema kwa upole. "Kanyaga tu."

Mwenyekiti aliangalia ile leso. Ukikanyaga nguo ambayo mama amebebea mtoto, umekanyaga nini? Alisimama mguu mmoja umeinuliwa, mvua inamtiririka kwenye beji. Halafu akautua mguu chini, kwenye matope, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo na safari hii hakuna aliyemsaidia.

"Aah, Kogo. Tulikuwa tunatania na Sista."

Kisha akamgeukia Sista, akasema chinichini, "Wewe utajua paa ni la nani."

Lori lilipokwisha kupotea kwenye kona, Sista aliingia chumba cha kuzalia, nami nikasikia akisema, "Nyamaza sasa, wameenda. Umezidisha hata." Akatoka mwanamke anayefagia dispensari, na ndoo yake na tambara lake, amekauka koo. Aliomba maji.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mwanamke mwingine.

"Sista! Nimeweka ploti yangu hatarini kwa uongo?"

"Ungejua," akasema, "ungekataa vizuri hivyo?"

Na huyu ndiye mtu aliyenikemea mwezi mzima kwa sababu nilimdanganya lami imekauka. Uongo aliuchukia kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Kama Kogo alijua, sikuuliza, na leso yake aliifua akaenda nyumbani.

Yule mgeni wa Nairobi alikuja, akala mbuzi, akaondoka kabla giza halijaingia. Taa hakuuliza. Mimi ploti sikunyang'anywa. Miezi mingi nilikuwa nasikia lori likipita Langas nashtuka nakwenda dirishani, lakini hawakuja. Walimchukua Sista. Alihamishwa kupelekwa kaskazini, kule kwenye joto na mbuzi wembamba, na akapewa wiki moja. Nilimsaidia kufunga sanduku. Nilitaka kusema neno la pole, kwa maana alikuwa amepigania taa ile na sasa ilibaki kumulikia mwingine. Hakunipa nafasi.

"Huko kuna jua zaidi," akasema. "Na nani atahamisha paa? Wewe chunga lami tu."

Lori la mizigo lilipoondoka, hakugeuka kututazama tuliosimama. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kichwa nyuma, akikagua mapaa ya soko mpaka yakaisha.

Miaka ikapita. Alirudi mwaka ule watu walipoanza kunong'ona habari za vyama vingi, amestaafu, mwembamba, fimbo mkononi na gambuti zile zile, au dada zake. Alinikuta Langas kwenye nyumba yangu mpya ya mawe. Nilisubiri aisifu. Akasimama uani.

"Hili paa lako linalala tu."

"Karibu chai, Sista."

"Sitaki chai. Taa ya Chepsaita inawaka?"

Nikasema inawaka, ila nimesikia imefifia. Mwenyekiti tulikwisha kumzika wakati huo, na muuguzi mpya alikuwa binti mpole asiyepanda ngazi. Nikamweka Sista kwenye pikapu yangu tukaenda. Njia nzima alilalamika kwamba sikumpa chai.

Dispensari ilikuwa imechakaa rangi, lakini paa lilikuwa limenyooka. Tulizunguka nyuma. Mawingu yalikuwa mazito na radi ilisikika mbali, upande wa Turbo. Nilimwona akikaza fimbo, lakini hakuingia stoo. Kioo kimoja kilikuwa na ufa pembeni, na vyote vinne vilikuwa vimejaa vumbi na mavi ya ndege, huwezi kuona rangi yake.

"Ndiyo sababu inafifia," akasema. "Umelifanya jua livae miwani ya tope. Panda ufute."

"Sista, mimi ni mzee sasa."

"Mimi nimekuuliza umri?"

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakichovya kwenye pipa la maji ya mvua, akanipa. Nikaegemeza ngazi. Nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, nikakumbuka leso, nikasimama.

"Kuna mtu ndani?"

Sista akainamisha sikio ukutani. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza tumbo la mama.

"Hakuna."

Nikapanda. Nilifuta kioo cha kwanza, cha pili, nikaenda polepole kwa sababu ya magoti. Chini ya kitambaa kioo kilitoka buluu, safi, kama siku niliyokiweka, na misumari yangu haikuwa imelegea hata mmoja. Nilikuwa kwenye cha tatu, kifua kimelala juu ya paa, ndipo nikasikia chini yangu, karibu kabisa, upande wa pili wa zile mbao, sauti ya binti yule mpole ikisema, "Sukuma, mama, sukuma, kichwa hicho," kisha kimya, kisha mtoto akalia kwa hasira kama aliyeamshwa.

Nilishika fremu kwa mikono yote miwili.

"Sista! Umesema hakuna mtu!"

Alikuwa amesimama pale chini, kichwa wazi, nywele nyeupe, hana haya hata kidogo. Safari hii alikuwa ananitazama usoni.

"Futa kioo, fundi," akasema. "Huyo hakuwepo ulipopanda."